Robota Juu ya Matuta ya Bibi

Baba yangu anajua kabisa kwamba robota la majani hubebwa chini. Nilikuwepo siku alipoelekezwa. Nilisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia kila neno, na baba akishaelezwa kitu cha mashine hasahau. Kwa hiyo likizo hii ya mwezi wa sita, kila nilipomwona anapita kwenye kona ya shamba la bibi na robota limeinuliwa juu kuliko kichwa chake, sikuwaza kwamba hajui. Niliwaza kwamba anajua na bado anafanya. Hilo ndilo lililoniondolea hamu ya kula.

Nianze na tulivyofika hapo. Sisi ni watu wa mahindi, ulezi na ng'ombe wachache wa maziwa, upande wa Mpui. Zamani majani ya kiangazi tuliyakata kwa fyekeo na kuyaleta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Halafu baba na majirani wakaunda kikundi, wakapanda majani ya malisho bondeni, na sasa kila mvua zikiisha inakuja mashine ya kukodi. Inayameza majani na kuyatema yakiwa marobota ya duara, kila moja likinifika kifuani. Wanaume wanne hawalinyanyui. Mwaka jana walijaribu kuyasukuma kama tairi. Robota moja likawashinda kwenye mteremko, likarudi nyuma na kumlalia jirani yetu mguu. Mguu ulipona, ila mpaka leo akikaa anaunyoosha mbele kama mtu anayetaka wenzake wajikwae. Baada ya hapo kikundi kikasema inatosha, litafutwe trekta lenye loda, ile mikono miwili ya chuma inayofungwa mbele kwa ajili ya kunyanyulia mizigo.

Baba ndiye mwenye leseni, kwa hiyo akatumwa Sumbawanga kuchagua. Yule jirani wa mguu akasema naye anakwenda, kwa sababu ndiye aliyelaliwa. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya viatu vya shule, lakini viatu vilisubiri, maana tulifikia kwanza kwenye uwanja wa muuza matrekta. Mimi mbele ya watu nisiowajua huwa nasimama pembeni na kuangalia chini. Siku ile ilinisaidia, kwa sababu chini ndiko mambo yalikokuwa yanaonekana.

Palikuwa na matrekta mawili yenye loda. Moja dogo, jekundu, linang'aa. La pili kubwa, rangi yake imepauka kama shati la kazi. Jirani alilipenda lile jekundu hapo hapo, akalizunguka akilipiga piga kama anamnunua ng'ombe.

"Hili linatosha kabisa," akasema. "Jepesi, halili mafuta."

"Jepesi ndiyo shida yake," fundi wa pale akajibu. Alikuwa mtu mfupi, ovaroli yake imekakamaa kwa grisi. "Robota lenu lina uzito gani?"

Jirani akasema, "Muulize mguu wangu."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akapanda lile dogo, akachoma kwa meno ya loda furushi kubwa la mbao lililokuwa pale, akaanza kulinyanyua taratibu. "Angalieni nyuma, msiangalie mbele," akapiga kelele. Mimi nilikuwa tayari naangalia chini. Niliona tairi la nyuma linaanza kuiacha ardhi, kidogo tu, kiasi cha kupitisha kiganja. Trekta zima lilikuwa limeegemea magurudumu ya mbele. Fundi akashusha.

Lile lililopauka lilikuwa na bonge la zege limening'inizwa nyuma ili mzigo wa mbele usililemee. Nyuma ya kiti kulikuwa na nguzo mbili nene za chuma, ili likipinduka lisimsage dereva, na kulikuwa na mkanda. Kwenye loda, juu ya meno, palisimamishwa uzio wa chuma wa kulizuia robota lisibingirike kurudi kwa dereva. Baba aliingia uvunguni akaanza kupapasa mipira inayopitisha mafuta ya loda kutafuta panapovuja. Fundi akamshika mkono haraka.

"Mzee, usitumie kidole! Mafuta yakiwa na presha yanaingia kwenye ngozi kama sindano, na hutasikia mpaka mkono umevimba. Tumia kipande cha boksi."

Baba akaomba boksi, akapitisha kila mahali, akatoka uvunguni akiwa amechafuka na kufurahi. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza zile nguzo zimefungwa kwa boliti au zimechomelewa juu juu tu. Aliuliza trekta likizima na mzigo uko juu, loda linabaki juu au linashuka lenyewe. Mimi nilijisikia fahari kimoyomoyo.

"Ukitembea, robota liwe usawa wa goti," fundi akasema. "Kuinua ni wakati wa kupanga, na hapo umesimama, ardhi imenyooka. Mtu asipite chini yake hata kama anakimbilia mvua. Robota likiwa juu, trekta linakuwa mlevi."

"Na kukata kona likiwa juu?" baba akauliza.

"Kata. Ila uwe umeshaaga nyumbani."

Wote watatu wakacheka. Baba akachagua lile lililopauka. Jirani alinuna njia nzima, akisema tumeacha bibi harusi tumechukua mama mkwe.

Siku trekta lilipofika, watu walijaa uwanjani kwetu. Bibi, mama yake baba, alitoka kwenye nyumba yake ndogo ya pembeni, akasimama ameshika kiuno. Mimi nimepewa jina lake. Baba huniita "mama", na bibi huniita "somo". Lakini majina hayakuleta tabia, kwa sababu bibi hajawahi kuona haya hata siku moja maishani mwake.

Baba alipanda, akajifunga mkanda, akawasha.

"Heee!" bibi akapaza sauti. "Mwanangu kafungwa mbeleko! Sasa huyo aliyekubeba mgongoni ni nani, maana mimi niko hapa?"

Uwanja mzima ulicheka. Jirani alilazimika kujishika kwenye mti. Baba naye alicheka, lakini niliona masikio yake. Mimi na baba tumefanana hapo, aibu yetu hukaa masikioni. Tangu siku ile sikumwona tena amejifunga. Mkanda aliukalia.

Sasa nieleze kona. Kutoka bondeni hadi banda la majani nyuma ya nyumba kuna njia mbili. Moja inapita ubavuni mwa kilima, na fundi alishasema mzigo haukatishwi ubavu wa kilima. Nyingine ni ya mkokoteni, inapita katikati ya shamba la bibi, halafu inapinda ghafla karibu na lilipokuwa zizi la zamani. Shamba lile bibi hulilima kwa matuta yetu ya duara, intumba. Mvua zinapokaribia kuisha, anageuza udongo juu ya majani mabichi, anaurundika, majani yanaozea ndani, juu anapanda maharage. Msimu ukianza tena, tuta linatawanywa na ulezi unapandwa kwenye udongo mweusi. Hanunui mbolea ya dukani wala hataki kuisikia. Na matuta ya pale kwenye kona ndiyo anayoyapenda kuliko yote, kwa sababu yako kwenye samadi ya miaka. Mbegu yake ya ulezi hutoka hapo tu. Mwaka huu aliyasogeza mpaka ukingoni kabisa mwa njia.

Mkokoteni ulipita pale bila shida. Trekta nalo lilipita. Shida ilikuwa robota, kwa sababu linatangulia mbele sana. Baba akikata kona, magurudumu yanabaki njiani lakini robota linafagia juu ya matuta. Mara ya kwanza alilibeba chini kama alivyofundishwa, na robota likakwangua vichwa vya matuta mawili pamoja na maharage yake.

Bibi alitoka na jembe. Hakumwangalia baba. Alirudishia udongo, akaupigapiga kwa bapa la jembe, akaokota maharage moja moja.

"Mama, samahani," baba akasema kutoka kule juu.

"Nimesema kitu? Sijasema kitu."

Akaendelea kuokota. Baba alikaa pale juu, injini inanguruma, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, hajui aangalie wapi. Mzigo uliofuata, alipofika kwenye kona, alivuta kifimbo cha loda, robota likapanda mpaka likapita juu ya matuta yote bila kugusa hata jani. Baada ya kona akalishusha. Bibi alikuwa mlangoni. Aliangalia matuta yake, akaingia ndani. Ikawa ndiyo desturi. Kila mzigo, ukifika kwenye kona, juu.

Kazi yangu likizo hii ilikuwa kusimama bandani na kumwelekeza baba kwa mkono pa kupanga. Kutoka bandani kona inaonekana vizuri. Nilijizuia kuangalia, nikashindwa. Nilikuwa nahesabia kimoyomoyo "panda, pinda, shuka" na nikifika "shuka" ndipo navuta pumzi. Nilifikiria kumwambia. Nilipanga hata maneno. Lakini kumwambia baba kitu ambacho anakijua kuliko mimi, na ambacho nilisikia akifundishwa, ni kama kumwambia kwamba ninamwona anavyomwogopa mama yake.

Siku yenyewe palikuwa na ule upepo wetu wa mwezi wa sita unaopenya sweta. Baba alifika kwenye kona, akapandisha, akapinda. Nadhani alipinda mapema kidogo. Tairi la nyuma la ndani likapanda ukingo wa tuta, na robota kule juu likaanza kwenda upande wa pili. Halikwenda haraka. Lilikwenda kama mtu anayesinzia kanisani, kidogo kidogo, kisha ghafla. Niliona anga chini ya tairi. Tairi lile kubwa lilikuwa linazunguka hewani na baba amening'inia upande, mkono mmoja kwenye usukani.

Alisukuma kifimbo. Robota likaanguka chini kwa kishindo, loda lote likapiga ardhi, na trekta likarudi kukaa kwa magurudumu yote manne, likayumba, likazima.

Sijui nilifikaje. Baba alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, anaangalia mbele. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye upepo ule.

"Baba."

"Nipo, mama. Nipo."

"Baba, lilikuwa linapinduka."

"Nimeliona." Halafu akageuka kuangalia nyumba ya bibi. Mlango ulikuwa umefungwa, bibi alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya. "Usimwambie bibi yako."

Alishuka, akachukua jembe letu, akarekebisha lile tuta lililopandwa na tairi. Alilirekebisha vizuri sana, akaliviringisha kwa viganja. Nilisimama namwangalia baba yangu, aliyekuwa karibu kufa, anapaka tuta udongo ili mama yake asijue. Kisha akawasha trekta, akachoma robota, akalipandisha juu, akapita.

Sikula jioni ile. Mama hupitisha mambo machache sana bila kuyaona. Asubuhi tulipokuwa tunakamua, yeye ng'ombe mmoja na mimi mwingine, akauliza kutoka upande wa pili wa tumbo la ng'ombe, "Nani kakuudhi?" Baba alikuwa amenikataza kumwambia bibi. Kumwambia mama hakunikataza. Nikasema yote. Maziwa ya ng'ombe wa mama yalikoma kulia kwenye ndoo.

Nilimsikia akimwendea baba kabla hajavaa viatu.

"Kesho nikiwa mjane, nitaambiwa mume wangu kafia wapi? Kwenye maharage?"

"Punguza sauti."

"Yavunje yale matuta. Ni ya kona tu, si shamba zima."

"Yavunje wewe."

Hilo haliwezekani na wote watatu tulilijua. Mkamwana haendi kuvunja matuta ya mama mkwe wake. Hata kumwambia ayavunje hawezi, ataonekana anaitaka ardhi ya bibi kabla mwenyewe hajaondoka duniani.

"Basi mwambie wewe, ni mama yako," mama akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba yeye na jembe lake ndio watakaoniua?" Baba alikuwa anafunga kamba za viatu na kuzifungua. "Yule mama alinisomesha kwa ulezi wa kona ile. Nitapita polepole. Nikipita polepole hakuna shida."

Akaenda kuwasha.

Huku kwetu mjukuu na bibi wana utani wao. Mjukuu anaweza kumwambia bibi kitu ambacho mtoto wake wa kumzaa angekimeza. Wenzangu wanautumia utani huo mpaka unakwisha. Mimi sina. Nikijaribu kutania natoa sauti kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini nilikaa nikafikiri nani mwingine, na hapakuwa na mwingine.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba yake anapeta maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, somo. Umekuja kuniibia mume tena?" Huo ndio utani wake wa kila siku, mume mwenyewe ni marehemu babu.

Nilitakiwa nijibu kitu cha kuchekesha. Nikasema, "Bibi, baba jana trekta lilitaka kumpindukia pale kwenye kona. Analibeba robota juu ili asiguse matuta yako. Fundi alimkataza. Yeye hawezi kukwambia."

Ungo ulisimama.

"Nani kakutuma? Mama yako?"

"Sijatumwa."

"Matuta yangu yalikuwepo kabla ya trekta. Nililifuata mimi hilo trekta? Lilinikuta." Sauti ilikuwa imepanda. "Wapite kwingine! Dunia nzima iwe kwenye kona yangu?"

"Kwingine ni ubavu wa kilima, bibi."

"Nyamaza, nimekusikia." Akapeta mara mbili kwa nguvu, maharage mengine yakaruka nje ya ungo na hakuyaokota. "Lilinyanyuka kiasi gani?"

Nilinyoosha mkono kutoka ardhini mpaka usawa wa goti langu, nikafikiri, nikaupandisha kidogo. Bibi aliuangalia mkono wangu mpaka ukaanza kuuma.

"Toka hapo," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nilidhani nimeharibu. Nilikwenda kusimama bandani. Baba alikuwa anapanda kutoka bondeni na robota, usawa wa goti, vizuri kabisa. Alipokaribia kona nikaona bibi anatoka na jembe begani, anatembea haraka kuliko siku zote, anaingia njiani, anasimama katikati ya kona. Baba akafunga breki.

"Mama, toka njiani!"

"Liinue," bibi akasema.

"Nini?"

"Liinue kama unavyoliinua. Nataka kuona."

"Mama, mtu hakai mbele wakati loda—"

"Kumbe masharti unayajua."

Baba akazima injini. Bibi akageuka, akainua jembe, akalipasua tuta la kwanza katikati.

"Mama, acha! Mama!" Baba aliruka chini. "Acha, nitapunguza mwendo, nimekwisha kuzoea—"

"Usiguse."

"Basi nipe jembe nifanye mimi."

"Nimesema usiguse. Jana uligusa, ukadhani sitaliona? Nimefinyanga matuta haya tangu hujazaliwa, nitashindwa kujua lililofinyangwa na mtu mwingine?"

Baba alirudi nyuma hatua moja. Bibi alivunja la pili, la tatu, akaenda mpaka mwisho wa kona. Majani yaliyokuwa ndani hayajaoza, yalikuwa ya njano, yana ule mvuke na harufu ya kuchacha ya kitu kilichofunuliwa kabla ya wakati wake. Mashina ya maharage aliyakata na kuyatupa pembeni na maganda yake mabichi. Alichoka, tulimwona amechoka, alisimama akiegemea mpini, na baba alikuwa amesimama karibu naye mikono imening'inia, haruhusiwi kusaidia.

"Somo!" akaita. Nikakimbia. "Sawazisha."

Nilisawazisha kwa mikono na kwa jembe lake, nikayakusanya yale majani ya njano nikayapeleka pembeni. Nilipomaliza bibi akachukua jembe, akampita baba kama anavyopitwa mtu wa barabarani, akaingia kwake.

Tangu hapo baba anapita kwenye kona na robota liko chini. Marobota mengi yameshafika bandani na yaliyobaki si mengi. Baba amejaribu kurekebisha. Alimwambia bibi kupitia mlango kwamba atamlimia matuta mapya sehemu nyingine, hata zaidi ya yale. Bibi akajibu kwamba mvua zimekwisha, udongo ni jiwe, tuta la kiangazi ni kaburi la majani. Na ni kweli. Ulezi wa mbegu wa mwaka kesho hautatoka pale. Jioni baba hupiga hodi kwake, na jibu ni "Nimelala," na moshi wa jiko lake unaonekana juu ya paa. Mama hupeleka maziwa, yanapokelewa. Baba akipeleka yeye, yanabaki kizingitini mpaka nipite mimi.

Mimi sijui kama nilifanya vizuri. Baba hajanigombeza. Siku moja alinishika begani akaniacha, basi. Lakini namwona anavyokata kona ile sasa, polepole, robota chini, uso ameugeuzia upande mwingine, haangalii mahali matuta yalipokuwa.

Jana nilikuwa na bibi nyuma ya nyumba yake, tunachambua maharage yaliyookolewa. Kutoka pale kona haionekani, inasikika tu. Injini ikaja kutoka bondeni, ikafika pale inapobadilisha sauti ili ipinde. Mikono ya bibi ikaacha kuchambua.

"Liko chini?"

Nilisimama juu ya kigoda nikachungulia.

"Liko chini, bibi."

Bibi alisubiri mpaka injini ikapita kona yote, ikanyooka kuelekea bandani, ndipo akarudisha mikono kwenye ungo. Baba alipopita mbele ya nyumba alipunguza mwendo, akasema kwa sauti ya juu, "Shikamoo, mama!" Bibi aliinama juu ya maharage, akatoa moja bovu, akalitupa.